Kijiko kimoja kikizidi: nilivyojifunza kula upya baada ya kupunguzwa tumbo

Ilikuwa wiki ya tano toka operesheni na nilikuwa nimeruhusiwa kuanza vyakula laini, siku ambayo nilikuwa nimeihesabu kabisa kwenye kalenda. Nikavuruga yai moja, nikaliweka kwenye kisahani cha chai, nikakaa kwenye stuli pale pale jikoni. Kijiko cha kwanza kikapita vizuri. Cha pili vizuri, tena kitamu, sikuwa nimesikia ladha ya kitu cha kutafuna kwa zaidi ya mwezi. Cha tatu nikahisi kama mkono umenishika hapa chini ya mfupa wa kifua, haukuuma, ulinishika tu. Nikaangalia kisahani, kimebaki kijiko kimoja, na mimi toka utoto nimezoea kwamba chakula hakibaki kwenye sahani, nikakimeza.

Haikupita dakika mbili mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yanavutika kama ute wa yai bichi, pua ikaanza kutiririka, kifua kikabana mpaka nikashindwa kukaa, nikawa natembea huku na huku nimeshika ukuta, mwisho nikainama kwenye sinki na kilichotoka hakikuwa hata yai, lilikuwa povu jeupe. Yai lilikuja baadaye. Nikakaa chini sakafuni nikalia sana, siyo kwa maumivu maana yalishaisha, nililia kwa sababu nilikuwa na miaka 38 na sijui kula yai.

Naandika hii kwa sababu ya hicho kijiko cha nne. Watu wakisikia umefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito wanauliza kuhusu kisu, kovu, na kilo ngapi zimetoka, na nawaelewa kabisa maana hata mimi kabla ya kufanyiwa ndo vitu nilivyokuwa nasoma usiku kucha. Lakini kisu kilipita nikiwa usingizini. Kula nafanya nikiwa macho, kila siku, mara tano au sita kwa siku, na hakuna wa kunisaidia. Hii ndo sehemu ambayo sikuijua na ningependa mtu mwingine aijue mapema.

Mimi nilifanyiwa ile wanaita slivu. Daktari alinichorea kwenye karatasi, tumbo la kawaida ni kama mfuko unaoweza kubeba lita moja na zaidi, wanalikata kwa urefu na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi unaochukua kama mililita 100 mpaka 150. Kilichokatwa kinatolewa nje moja kwa moja, hakirudishwi. Akanieleza kwamba mwanzoni slivu ilikuwa hatua ya kwanza tu ya operesheni kubwa zaidi, kwa wale ambao uzito wao ulifanya ile kubwa iwe ya hatari, unafanyiwa hii ili upungue kwanza halafu unarudi. Sasa madaktari wakaja kuona wengi wanapungua vya kutosha hata kabla ya kurudi, ndo ikabaki inajitegemea. Baipasi, aina nyingine ya operesheni ya kupunguza uzito, ni ya zamani zaidi, ilianzia kwa daktari Edward Mason pale Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, wanatengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kama mililita 30 hivi, wanakiunganisha na utumbo mwembamba, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mi nilikuwa na kilo 131, BMI 46, yaani kile kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, presha ipo na sukari ilishaanza kupanda, na nilishapungua na kunenepa upya mara nne kwa nguvu zangu mwenyewe. Sikukurupuka.

Wiki mbili kabla nikapewa mlo mdogo sana wa kulipunguza ini, maana ini la mtu mwenye uzito mkubwa linajaa mafuta na liko juu ya tumbo, likiwa kubwa daktari anapata shida kufika anapotaka. Nikadhani hizo wiki mbili ndo mazoezi. Wala. Bado nilikuwa na tumbo langu la zamani.

Siku ya kwanza baada ya operesheni nesi akaniletea kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya maji, mililita 30. Ndani maji. Akasema, "Hiki unywe kwa dakika 15 dada, taratibu, usikimbilie." Nikadhani sijasikia vizuri. Nikapiga funda moja dogo, na yaani nilisikia yale maji yanavyoshuka, yanavyofika, yanavyokaa. Maisha yangu yote nimemeza vitu na sikuwahi kuhisi vinakwenda wapi. Nilibaki nimeshika kile kikombe naangalia dirishani, nikamaliza kwa dakika 20, na nilikuwa nimeshiba. Nimeshiba maji ya mililita 30.

Kama unakaribia kufanyiwa naomba ulishike hili la maji kuliko mengine yote. Wiki mbili za kwanza ni maji na vitu vya majimaji tu, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, protini ya unga iliyochanganywa na maji, na lengo ni kufikisha lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo, bila mrija wa kunywea kwa sababu unaingiza hewa, bila soda wala kitu chochote chenye gesi. Sasa mtu anayekunywa funda dogo kila baada ya dakika chache hana muda wa kitu kingine. Mimi siku ya saba na ya nane nilichoka, nikalala mchana mrefu, sikunywa. Siku ya tisa nikasimama kutoka kitandani dunia ikazunguka, mkojo ulikuwa rangi ya chai, nikarudishwa hospitali nikawekewa dripu. Pale ndo nikaambiwa kwamba kuishiwa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu wodini baada ya operesheni hizi. Toka siku hiyo chupa haikutoka mkononi, nalala nayo, naoga iko pembeni.

Wiki ya tatu na ya nne ni vya kusaga. Sitaki kuzungumzia sana vya kusaga. Blenda inafanya kuku na samaki waonekane kitu kimoja, na ladha zangu zilikuwa zimebadilika, vitu nilivyovipenda vilinuka, vitamu vilikuwa vitamu kupita kiasi mpaka meno yanauma. Niliambiwa hiyo ni kawaida na kwa wengi inapungua, na kweli ilipungua. Mizani nayo iligoma wiki ya tatu hiyo hiyo, haikushuka hata gramu kwa siku kumi, nikawa napanda mara tatu kwa siku, asubuhi mchana usiku, mpaka mume wangu akaificha. Nilimkasirikia sana. Alifanya vizuri.

Halafu njaa. Hapa nataka nitulie kidogo.

Kuna homoni inaitwa grelini, iligunduliwa 1999 na watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, ndo inayopeleka habari kwenye ubongo kwamba unatakiwa kula. Nyingi inatengenezwa tumboni, hasa ile sehemu ya juu iliyotuna, na hiyo sehemu ndo inayokatwa kwenye slivu. Kwa hiyo niliamka baada ya operesheni sina njaa. Sisemi njaa kidogo, sina kabisa, siku zinapita, miezi inapita, naangalia chakula kama mtu anavyoangalia kiti. Nilitakiwa kuweka alamu kwenye simu ili nikumbuke kula. Mimi!

Sasa mtu atasema si ndo raha hiyo, si ndo ulichokuwa unakitaka. Nilidhani hivyo pia. Lakini jioni moja, mwezi wa pili, nilirudi kutoka kazini siku imekuwa mbaya sana, nimesemwa vibaya mbele ya watu, nikaingia ndani, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mlango wa friji. Nikafungua. Nikasimama pale. Tumbo halitaki kitu, limetulia tuli, lakini kichwa kinataka, kinataka kwa nguvu, kinataka kitu cha kutafuna, cha chumvi, kingi. Nikabaki nimesimama ule mwanga wa friji ukinimulika mpaka friji ikaanza kulia ile sauti ya kuachwa wazi. Ndo nikaelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa na njaa mbili na nilikuwa naziita jina moja. Ya tumbo walikuwa wameikata. Ya kichwa ilikuwa pale pale, nzima, na kitu pekee nilichojua kuifanyia kilikuwa hakiwezekani tena.

Kiukweli niliomboleza. Sina neno lingine. Chakula kilikuwa rafiki yangu, kilikuwepo usiku ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, na sidhani kama ni haki kumwambia mtu aone aibu kwa hilo. Mtaalamu wangu wa lishe, mama mmoja mtaratibu sana, nilimwambia haya nikitegemea atanipa orodha ya vyakula, yeye akaniuliza, "Ukiwa huna chakula, ile huzuni unaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Akanipeleka kwa mshauri nasaha na nilienda mara kumi na moja, na ningemwambia yeyote aende hata kabla ya operesheni, asisubiri mpaka friji imlilie.

Turudi kwenye yai.

Baada ya siku ile nilianza kula kama mtu anayejifunza kuendesha gari. Kijiko kidogo cha mtoto. Kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Kutafuna mara 20 mpaka 30, mpaka kitu kiwe uji mdomoni, halafu kumeza, halafu kijiko kinalazwa mezani, hakishikwi mkononi, kwa sababu kikiwa mkononi kinajijaza chenyewe. Unasubiri. Unasikiliza. Mlo mzima dakika 20 mpaka 30, ukizidisha hapo chakula kinapoa na wewe unaanza kudonoadonoa tu bila kujua, ukiwahi chini ya hapo unakuwa umemeza kabla mwili haujasema. Protini kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana nafasi ni ndogo na mwili ukikosa protini unaanza kula misuli yako. Wengi tunaambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, we piga hesabu mwenyewe, na mimi nilikuwa nashindwa kumaliza yai.

Na maji hayachanganywi na chakula. Hili lilinishinda muda mrefu kuliko yote. Huruhusiwi kunywa wakati wa kula na baada ya kula unasubiri nusu saa. Sababu nilizoelezwa ni mbili, kwanza hakuna nafasi ya vyote, ukivichanganya unaumia au unatapika, pili maji yanakifanya chakula kiwe laini kipite haraka, unabaki mtupu na unaweza kula tena muda siyo mrefu. Mi nilikuwa mtu wa kuteremshia kila tonge kwa funda la maji. Nilipoondolewa maji mezani ndo nikagundua nilikuwa sitafuni, miaka yote hiyo nilikuwa nasukuma tu. Kuku mkavu alinikwama mwezi wa tatu, kipande kidogo tu, kilikaa pale kwa saa nzima na nusu, nikiwa nimesimama nimeegemea kabati nikipumua polepole, kila nikimeza mate yanarudi. Sasa hivi kuku nampika na mchuzi, nachagua ile nyama laini ya paja, nampasua kwa vidole nyuzi nyuzi kabla hajafika mdomoni.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kushiba hakusikiki tena pale nilipokuwa nakusikia zamani. Zamani kushiba kulikuwa uzito, mkanda unabana, usingizi. Kwa mwili huu mpya kushiba kunaanza mbali, kwenye pua. Naanza kupiga chafya. Chafya moja, kavu, halafu pua inalegea kama nina mafua. Kuna wenzangu wanashikwa kwikwi, kuna mmoja anasema anahema hivi, anashusha pumzi ndefu bila kutaka, halafu ndo anajua. Ilinichukua miezi minne kuitambua ile chafya, nilikuwa nadhani ni pilipili. Ikija, chakula kimeisha, hata kama kwenye kisahani kimebaki. Yaani kijiko kinachofuata hicho ndo kile cha nne cha yai.

Rafiki yangu tuliyelala wodi moja yeye alifanyiwa baipasi na mwili wake una sheria nyingine. Yeye akinywa kitu chenye sukari nyingi, ndani ya robo saa moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linakata, anaharisha, anabaki kulala chini tu mpaka kipite. Dampingi wanaita. Chakula chenye sukari kinaingia kwenye utumbo mwembamba haraka kupita kiasi na kinavuta maji yaingie utumboni, mwili unashtuka. Halafu ipo ya kuchelewa, saa moja mpaka tatu baada ya kula, hiyo sukari ya damu inapanda ghafla, insulini inatoka nyingi, sukari inaanguka chini ya kawaida, unatetemeka na kuona giza. Ilimpata akiwa kwenye foleni ya benki, akakaa chini pale pale na watu wakadhani amelewa. Sisi wa slivu inaweza kutupata pia lakini siyo sana. Aliniambia wakati mwingine anaishukuru maana inamlinda, na siku nyingine anaichukia kwa moyo wote, na nadhani yote mawili ni kweli.

Watu wa mezani nao wana yao. Mama yangu, ambaye ananipenda kuliko mtu yeyote duniani, alinitazama nikila vijiko vitano vya samaki na kusukuma kisahani, akasema, "Mwanangu, hicho tu? Utaanguka." Nikasema, "Nimeshiba mama." Akanyamaza, baada ya dakika mbili akasogeza kisahani, "Ongeza kidogo tu, kwa ajili yangu." Nikaongeza kwa ajili yake. Nikatapika kwa ajili yake, bafuni, nimefungulia bomba asisikie. Tulifanya hivyo mara tatu au nne kabla sijapata ujasiri wa kumkalisha na kumwonesha ile karatasi ya daktari, ule mrija. Aliishika muda mrefu. Akaniuliza kama iliuma. Mama alinilea kwa kunilisha, na mimi kukataa sahani yake kulikuwa kama kumwambia hana tena cha kunipa, na hilo lilihitaji kuongewa taratibu, siyo kwa hasira kama nilivyokuwa naongea mwanzoni.

Na wale wa "ah, wewe umepita njia ya mkato". Huwa nawauliza tu kama wamewahi kunywa maji kwa alamu.

Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka. Zinatoka kwa mafungu, kwenye kitana, kwenye mto, kwenye tundu la bafu. Niliambiwa inatokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mwili umepata mshtuko wa operesheni na wa kupungua haraka, nywele zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na zinarudi ukila protini na vidonge vyako. Zangu zilianza kurudi mwezi wa tisa, fupi fupi pembeni ya uso. Vidonge lakini ndo nataka niongee kwa sauti kubwa kidogo. Ni vya maisha. Multivitamini, B12, vitamini D, kalsiamu, madini ya chuma, na kalsiamu na chuma havimezwi pamoja, unaviachanisha kama masaa mawili maana kimoja kinamzuia mwenzake asifyonzwe. Tumbo likipunguzwa, na zaidi likirukwa kama kwenye baipasi, mwili hauwezi tena kuchukua vya kutosha kwenye chakula peke yake, na damu inatakiwa kupimwa mara kwa mara hata ukijisikia mzima. Nilimwona mtu aliyeacha vidonge kwa sababu alijisikia vizuri, mwaka wa pili miguu ikaanza kufa ganzi. Na ukitapika mfululizo, siku mbili tatu huwezi kushikilia kitu, usikae nyumbani kuvumilia, nenda hospitali na uwaambie umefanyiwa operesheni ya tumbo, kwa sababu vitamini B1 inaisha mwilini haraka sana na ikiisha inaweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Hata dawa za maumivu za kawaida, ibuprofen na diclofenac, uliza kwanza kabla hujameza, zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo hilo, hasa kwa wa baipasi.

Njaa ilirudi mwezi wa nane. Nilikuwa nimeonywa na bado niliogopa kama nimeona mwizi. Nilikuwa kazini, saa sita kasoro, tumbo likanguruma, ile sauti ya zamani kabisa, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba operesheni imeharibika. Haikuharibika, mwili unajipanga upya tu na njaa inarudi kwa kiasi, kwa wengi haiwi kama ya mwanzo. Lakini ndo kipindi ambacho vitu vya kuteleza vinakuja. Biskuti, chipsi za pakiti, chokoleti, aiskrimu. Samaki wa gramu 80 ananishibisha masaa manne, lakini biskuti zinayeyuka, zinapita kwenye huo mrija kama maji, hazikai, hazinipigishi chafya, naweza kula pakiti nzima kidogo kidogo toka saa mbili usiku mpaka saa nne na tumbo lisiseme neno. Nilifanya hivyo kwa karibu mwezi mmoja na nusu. Kilo tatu zikarudi. Sikumwambia mtu, na ile kutokumwambia mtu nilikuwa naijua vizuri, ni ile ile ya zamani, pakiti chini ya gazeti kwenye pipa la taka.

Kilichonitoa pale ni mtaalamu wa lishe aliponiomba kwa wiki moja niandike ninachokula, na pembeni niandike njaa ilikuwa ya wapi. T kwa tumbo, K kwa kichwa. Hakuniambia niache kitu chochote. Wiki nzima jioni ilikuwa K, K, K, K, safu nzima ya K, na nikaiangalia ile karatasi nikaona ni saa zile zile za watoto wakishalala na mume wangu yuko zamu ya usiku. Sasa hivi saa hizo nampigia rafiki yangu wa baipasi. Siku nyingine hatuongei la maana, anakunja nguo mi naosha vyombo, simu iko kwenye spika. Siku nyingine bado ni biskuti. Lakini naziweka kwenye sahani, nakaa mezani, naziandikia K.

Leo ni miezi 14. Nina kilo 92, presha imeshuka mpaka daktari amenipunguzia dawa, napanda ngazi mpaka gorofa ya tatu nikiwa naongea. Ngozi ya tumbo inaning'inia na mikono pia, hiyo ni habari nyingine ya siku nyingine. Nakula karibu kila kitu, kwa kiasi cha kisahani kile kile cha chai, nyama ngumu bado hapana, mkate mweupe bado unakwama kama pamba.

Jumapili tulikuwa kwa mama. Kapika samaki, ameniwekea pembeni kipande kisicho na miba, bila kuulizwa. Nikala taratibu, kijiko nalaza, nakichukua, nalaza. Wengine walishamaliza na wanaongea. Vilikuwa vimebaki vipande viwili, vidogo, vinapendeza, mchuzi umeviganda pembeni, na nilikuwa navitaka kwa kweli. Nikapiga chafya.

Mama akaniangalia toka upande wa pili wa meza. Akainuka, akachukua kisahani changu, akakifunika na sahani nyingine, akaenda kukiweka kwenye friji.

"Utakula baadaye," akasema, akarudi kukaa.